Mkono Uliovuka Mstari

Mama Reuben alisema aliona kila kitu kwa macho yake mawili. Alikuwa amesimama nje ya ua wa chuo, beseni la sukuma wiki kichwani, akichungulia kupitia seng'enge bwawa la kuogelea ambalo shule ya mtaa iliazima kwa mazoezi. Alisema wasichana wawili walikuwa wakishindana, na Kaluki wa Mbula alipoona anaachwa nyuma, alikunja ngumi akamtwanga mwenzake puani palepale majini.

"Damu ilitapakaa mpaka bwawa likawa jekundu kama supu ya nyanya," alisema. "Na yule mtoto hata hakugeuka. Alienda tu kama mamba wa bwawa la Masinga!"

Aliisimulia habari hiyo kwenye kioski, kwenye kinu cha unga, na nje ya kanisa baada ya ibada. Kufikia Jumatatu, mtaa mzima wa Mumbuni ulikuwa umeisikia, na kila aliyeirudia aliongeza damu kidogo.

Kaluki naye alikuwa na habari yake. Siku ileile ya mbio, kabla hata hajajifuta maji, alimwambia Mwalimu Onesmus, aliyewafundisha kuogelea, "Winrose ndiye aliingia njia yangu." Mwalimu alikuwa ameinamia saa yake ya kupimia mbio na hakuona kitu. Winrose alikuwa ameziba pua kwa taulo. Alipoweza kusema, alisema Kaluki ndiye aliyemjia, lakini hakuwa na shahidi. Wa pekee aliyedai kuona alikuwa Mama Reuben, na kila mtu aliyekuwa pale alijua kwamba bwawa halikuwa jekundu hata kidogo. Basi matokeo yakabaki yalivyokuwa. Kila shule ilitakiwa kupeleka msichana mmoja kwenye mashindano ya wilaya, na wa shule yao akawa Kaluki.

Habari zote mbili hazikuwa za kweli.

Ukweli ni kwamba bwawa lile halikuwa na kamba za kutenganisha waogeleaji. Kulikuwa na mistari myeusi tu, imepakwa rangi chini kabisa, na kila mtu alifuata wake. Kaluki alikuwa na nguvu nyingi, lakini alipoogelea mtindo huru mikono yake iliyapiga maji kama mtu anayefua blanketi. Tena mkono wake wa kulia ulivuka mbele ya kichwa, ukaingia majini upande wa kushoto, nao mwili ukafuata.

"Kaluki, usivuke!" Mwalimu Onesmus alimwambia kila wiki. "Ingiza mkono mbele ya bega. Vidole vitangulie, kiwiko kiwe juu. Halafu vuta maji mpaka pajani. Winrose, hebu mwonyeshe."

Winrose alipoonyesha, Kaluki alitazama ukuta. Afundishwe nini na mtu ambaye yeye humshinda?

Siku ya mbio aliuona mstari wake mweusi ukitoka chini ya tumbo, ukasogea kulia, ukapotea. Alijua ametoka njiani, na hakusimama. Kisha mkono wake wa kushoto ukatua kwa kishindo juu ya kitu kigumu, na kitu hicho kilikuwa pua ya Winrose.

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu. Pua ya Winrose ilivimba kama andazi. Darasani wasichana walihamisha mabegi yao Kaluki alipokaribia.

"Usikae hapa, bondia," mmoja alimwambia. "Sisi bado tunazitaka pua zetu."

"Nyinyi mna wivu tu," Kaluki alijibu, akakaa peke yake.

Bwawani mambo hayakuwa mazuri zaidi. Mwalimu alimpigia kelele kutoka ukingoni mpaka sauti ikakauka. "Unavuka! Bado unavuka! Huko wilayani ukimgusa mtoto wa watu wanakutoa!" Kaluki alijaribu kuunyoosha mkono. Alipoufikiria wa kulia, wa kushoto ulipotea. Alitoka majini akiwa amechoka na ana hasira na kila mtu.

Jumamosi mifereji ya maji ya mtaa ilikauka tena.

"Mwaitu, nimechoka," alimlalamikia mama yake. "Mikono yote inauma."

Mbula hakuinua macho kutoka kwa pojo alizokuwa akichambua. "Mchanga haujui kama umechoka. Chukua mtungi uende mtoni."

Mto ulikuwa mchanga mtupu toka ng'ambo hii hadi ile. Mwaka huo mvua ilikuwa imewakataa. Watu walichimba visima vidogo palipokuwa na unyevu, wakangoja maji yajikusanye chini. Unyevu wenyewe ulikuwa kwenye kona moja tu, kwa hiyo visima vilibanana, na kila mtu alikilinda chake. Ukirusha mchanga ovyo unakifukia cha jirani, na vita vinaanzia hapo.

Mahali palipobaki palikuwa katikati ya Mama Reuben na Winrose. Hata nyumbani kwa akina Winrose, wenye duka la vifaa vya ujenzi, tangi lilikuwa limekauka.

"Ala! Bondia amefika," Mama Reuben akasema kwa sauti ya kusikika kona nzima. "Winrose, funika pua. Huyu anaweza kukuzamisha hata kwenye mchanga."

Wanawake wakacheka. Kaluki alipiga magoti bila kusalimia mtu.

Alianza kuchimba kama alivyochimba tangu utotoni. Shimo lilipozidi kwenda chini, jembe halikuingia tena, akatumia mikono, mmoja baada ya mwingine. Aliinua kiwiko, mkono ukaning'inia wima hadi kwenye vidole. Aliuzamisha mbele ya bega, vidole pamoja, akavuta mchanga kuja kwake, akaupitisha kando ya nyonga na kuutupa nyuma. Kulia, kisha kushoto. Hata chembe moja haikuangukia kwa jirani.

Winrose alikuwa ameacha kuchota. Alimtazama kwa muda mrefu, kopo mkononi.

"Kumbe unaweza," alisema.

"Naweza nini?"

"Kuweka mkono mahali pake. Hapa haujavuka hata mara moja, kwa sababu unajua Mama Reuben atakupasua na kopo. Huko majini unajifanya mkono hauna macho." Sauti yake ilikuwa nzito kwa sababu ya pua. "Mimi nilikuwa nadhani hujui. Kumbe hutaki!"

"Mwambie, mwanangu!" Mama Reuben akadakia.

"Shughulika na kisima chako," Kaluki alisema. Lakini mkono wake ulikuwa umesimama katikati ya shimo. Aliutazama, kiwiko juu, vidole chini, kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine. Maji yakaanza kujitokeza taratibu kati ya vidole.

Jumatatu aliingia bwawani akiwa na mkono ule wa mtoni. Hakuyapiga maji tena. Aliyachimba. Alipoingiza vidole na kuinamisha mkono kutoka kwenye kiwiko, alisikia uzito kiganjani, uzito uleule wa mchanga mbichi, na mwili ukasonga mbele bila kishindo. Mstari mweusi ulikaa chini ya kitovu chake kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

Alipoinua kichwa, Mwalimu Onesmus alikuwa amechutama ukingoni, anacheka peke yake.

"Hii ndiyo nimekuwa nikiimba tangu Januari! Nani amekufundisha?"

Jibu la kumfurahisha lilikuwa karibu sana. Angesema tu, "Wewe, Mwalimu." Winrose alikuwa kwenye benchi, taulo shingoni, akitazama kwingine.

"Ni Winrose," Kaluki alisema.

Msichana mmoja akaguna. Kaluki alishika ukingo kwa mikono yote miwili.

"Na siku ile, Mwalimu, hakuingia njia yangu. Mimi ndiye nilitoka. Niliona mstari ukienda kando, nikajua, na sikusimama. Ngumi sikukunja, hiyo Mama Reuben alijitungia. Lakini hata mimi nilidanganya."

Kicheko kilitoweka usoni mwa Mwalimu. "Toka majini."

Alitoka. Maji yalimchuruzika miguuni na hakuna aliyemrushia taulo.

"Wiki nzima," Mwalimu alisema polepole, "nimemwambia mtoto mwenye pua iliyovimba kwamba hana shahidi. Wewe ulikuwa shahidi wake, na ulikuwa unakaa darasa moja naye." Akageukia benchi. "Wilayani ataenda Winrose. Na kesho, kwenye gwaride la asubuhi, utaiambia shule nzima kama ulivyoniambia mimi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sikiliza, Kaluki, na nyinyi wengine pia. Mkono mbaya si kosa kubwa. Hata mimi nilikuwa nao, nikafundishwa, ukatengenea. Ungesema siku ileile kwamba ulipotea njia, tungerudia mbio, yakaisha. Ulipomsukumia mwenzako kosa lako ulimgonga mara ya pili, na mara hiyo ulikuwa unamwona. Mkono naweza kukurekebishia mimi. Neno ulilosema, hakuna wa kulirekebisha isipokuwa wewe."

Aliondoka kwenda kuandaa saa yake. Wasichana wakasambaa, wengine wakinong'ona, na mmoja akapita na kumkanyaga Kaluki kidole bila kuomba radhi.

Winrose alivua taulo, akaanza kuvaa kofia ya kuogelea kwa uangalifu, asiguse pua. Kaluki alimsogelea, akasimama mbali kidogo.

"Winrose. Pole kwa pua. Na pole kwa yale mengine." Akaonyesha bwawa kwa kidevu. "Utahitaji mtu wa kushindana naye kwenye mazoezi. Naomba niogelee kando yako. Kwenye mstari ulio karibu na wako, kama siku ile. Sitavuka."

Winrose alivuta kofia mpaka chini ya masikio. Alitazama mistari miwili myeusi chini ya maji, jinsi ilivyokaribiana. Kisha akaruka ndani, akaanza kuogelea, kiwiko juu, bila kutazama nyuma.

Kaluki aliketi ukingoni, miguu majini, akamngoja arudi.