Kompyuta Inaganda

Kila jioni, akishaosha vyombo vya chakula, Injinia aliketi kwenye kona ya sebule na kuwasha kompyuta kwa swichi ya ukutani. Jina hilo la Injinia alibandikwa na mjomba wake, fundi wa redio na televisheni, siku walipomaliza kuiunga kompyuta hiyo kwa vipande vya kompyuta mbovu. Boksi lake la chuma lilikaa chini ya meza, gizani. Ijumaa kompyuta ingepelekwa kwenye maonyesho ya shule, na mwalimu wa sayansi alikuwa ameshawatangazia wazazi wote.

Tatizo ni kwamba kompyuta ilikuwa inaganda.

Mara ya kwanza iliganda Injinia akiwa katikati ya kuandika. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, wapi!

"Jamani, imeganda!" alilalamika.

Bibi yake alikuwa kwenye kochi akifuma kitambaa. Akainua uso. "Imeganda? Imegandaje, mke mwenzangu?"

"Aa, Bibi, haya mambo ya kompyuta. Hutaelewa."

Bibi akaendelea kufuma.

Mjomba alikuja, akafungua boksi, akakuta kadi ya kumbukumbu imelegea. Akaikandamiza mpaka ikakaa sawasawa. "Kwisha kazi!" akasema. Kumbe ndiyo kwanza mambo yanaanza. Jioni iliyofuata kompyuta iliganda tena, vibaya kuliko mwanzo. Kulipokucha Injinia alipangusa nyaya, akafuta michezo yote, akabadilisha soketi ya umeme, lakini haikusaidia kitu. Mjomba akaibeba asubuhi hadi kibandani kwake, ikafanya kazi kutwa nzima bila hata kukohoa. Iliporudi nyumbani, jioni ikaganda.

Shuleni habari zikaenea. "Injinia wa barafu!" wenzake walimtania. Alicheka nao, lakini moyoni alikuwa anaumia.

Alhamisi, siku moja kabla ya maonyesho, ilimgandia mara mbili mfululizo, Mjomba akiwapo. Injinia alilaza kichwa juu ya kibodi akalia kwa kwikwi.

"Nimeshindwa, Mjomba. Sijui nifanye nini tena. Kesho nitamwambia mwalimu alifute jina langu."

Mjomba naye alikuwa ameishiwa maarifa. "Ngoja basi niisikilize feni," akasema, ilimradi tu afanye jambo. Akawasha tochi, akaingia chini ya meza. Kisha akaangua kicheko mpaka akagonga kichwa.

"Mama! Hii sweta ni ya nani?"

Injinia akainama. Boksi lilikuwa limevaa sweta! Sweta yake mwenyewe ya darasa la kwanza, imefungwa vifungo vyote, imeziba matundu ya feni. Alipoligusa boksi, lilikuwa la moto.

"Ya huyo huyo Injinia wenu," Bibi alijibu bila wasiwasi. "Si mnasema inaganda? Na jioni siku hizi kuna baridi. Basi akiwa anaosha vyombo naivisha, asubuhi naivua sweta isije ikachafuka."

"Bibi! Kuganda kwa kompyuta si kwa baridi! Maana yake imekwama, haiendi mbele wala nyuma. Joto ndilo linaloiua!"

"Sasa mimi ningejuaje, mjukuu wangu? Nilikuuliza, ukaniambia sitaelewa. Nikaelewa nilivyoweza."

Aliyasema hayo kwa upole, na upole ule ulimchoma Injinia kuliko karipio. "Nisamehe, Bibi," akasema, macho chini.

Waliivua kompyuta sweta, wakaiacha ipoe, wakaiwasha. Haikuganda tena mpaka walipokwenda kulala.

"Unaona?" Mjomba alimwambia Injinia kabla ya kuondoka. "Tumehangaika na nyaya siku zote hizi, na jibu limekaa hapa kwenye kochi linafuma. Mtu akikuuliza, mweleze, hata kama unadhani hataelewa. Ukimdharau leo, kesho anakusaidia kwa kubahatisha, na lawama si yake."

Injinia akavuta kiti karibu na Bibi, akaanza kumweleza kila kitu, kuanzia feni.

Siku ya maonyesho kompyuta ilifanya kazi tangu asubuhi. Mgeni mmoja akauliza matundu yale ya nyuma ni ya nini. Injinia alifungua mdomo ajibu, lakini Bibi, aliyekaa kiti cha mbele, alimuwahi.

"Ya kupumulia hayo. Tena usiyazibe, mwanangu, itaganda."