Aliyeitika Nne

Haya yalimkuta rafiki yangu Ryohei, mpiga besi wa bendi ya roki ya watu wanne, wakiwa njiani kwenda Nagano. Kila wakisimama kupumzika, huhesabiana kabla ya kuondoka. Mchana ule, wakiondoka kituo cha mapumziko, walikuwa hoi. Ryohei, aliyekuwa akiendesha, hakugeuka hata kutazama nyuma.

"Moja," alisema.

"Mbili."

"Tatu."

"Nne," sauti ya Kansuke, mpiga ngoma, ikaitika kichovu kutoka kiti cha nyuma kabisa.

Wakaingia kwenye handaki refu. Gizani, vijiti vya ngoma vikaanza kugonga goti.

"Kansuke, tuonee huruma, bwana," alisema Ryohei.

Simu ikaita. Ryohei akabonyeza spika.

"Nyie vipi?" ilikuwa sauti ya Kansuke. "Natoka chooni, gari halipo."

Kule nyuma, vijiti havikuacha kugonga.