Ujumbe Ambao Chiriku Hakuufikisha

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, mama yake Chiriku alivaa raba, akafunga kitambaa kichwani na kwenda kutembea kwa kasi na akina mama wenzake. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyemwagiza. Mama alikuwa fundi wa nguo. Alishinda ameinama, mgongo ukimuuma, miguu ikimvimba na presha ikipanda. Baada ya miezi mitatu ya kutembea, alilala vizuri na kupandisha ndoo ya maji ngazini bila kuitua njiani.

"Siku hizi nikiinuka kwenye kiti siiti tena majina ya marehemu kwa maumivu," alimwambia mteja huku akimpima kiuno. "Usicheke, dada. Njoo nawe."

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa kwa kupenda kuongea. Ijumaa moja alikutana na mwalimu mstaafu wa michezo, kiongozi wa akina mama hao.

"Mwanangu, mwambie mama hatukutani tena sokoni, barabara inachimbwa. Kuanzia Jumatatu tunakutana langoni pa shule yenu, saa kumi na mbili na nusu."

Saa hiyo ndiyo wanafunzi walikuwa wakiingia. Chiriku alimkumbuka mwenzake wa dawati, aliyewahi kusema, "Mama yako anatembea kama bata aliyechelewa harusini." Darasa zima lilicheka. Chiriku naye alicheka.

Alipofika nyumbani, mama aliuliza, "Mwalimu anasemaje?"

"Anakusalimu tu."

Jumatatu mama alisubiri sokoni peke yake, akarudi. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano alizisukuma raba chini ya kitanda. Alishika simu, akairudisha mezani.

"Wamenichoka," alisema taratibu. "Mimi ndiye niliyekuwa nikiwachelewesha."

Chiriku aliisukuma sahani yake kando, chakula hakijaisha. Hata hivyo, mwalimu alipomuuliza langoni, "Mama vipi, mbona haji?" alijibu, "Ana sare nyingi za kushona." Tangu hapo akawa anaingia shule kwa mlango wa nyuma.

Wiki tatu zikapita. Siku moja mama alikuwa akikata kitambaa, mara akaweka mkasi chini na kushika ukingo wa meza. Kizunguzungu. Chiriku alimshika mkono hadi zahanati.

Muuguzi alipima, akapima tena. "Presha imepanda. Dawa unakunywa?"

"Nakunywa. Nimeacha kutembea. Wenzangu hawanitaki."

Chiriku alitazama sakafu. Aliona kwamba akinyamaza sasa, ataendelea kunyamaza mpaka mama aanguke.

"Wanakutaka, mama," alisema, machozi yakimtoka. Akaeleza yote: lango, kicheko cha darasani, hata uongo wa sare.

Mama alishusha mkono wa gauni lake taratibu. Kisha akasema, "Kuona haya ni jambo la mtoto, ningekuelewa. Kinachoniuma ni kwamba wiki tatu nimewanung'unikia watu wema, hata kwenye sala zangu."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko kiboko. Jioni ile alikwenda mwenyewe kwa mwalimu na kuomba radhi.

"Sisi tulidhani sare ni kisingizio, kumbe ametususa," mwalimu alisema. "Kila siku tulimngoja dakika kumi, tukaondoka kinyonge."

Jumatatu iliyofuata mama na binti walifika langoni pamoja. Akina mama walimkumbatia mwenzao, mmoja akamnong'onezea, "Bila wewe hatuna wa kutuchekesha." Yule mwenzake Chiriku wa dawati alikuwa hapo, akitazama. Chiriku alihisi uso ukimwaka moto, lakini hakuuachia mkono wa mama yake. Walizunguka uwanja wa shule mara mbili kabla ya kengele.

Mwezi ulipokwisha, muuguzi alipima akatabasamu. Chiriku hakutabasamu, bado hakuweza kuitazama mashine ile ya presha bila kuinamisha kichwa. Mama aliona.

"Nimekusamehe, inua uso," alisema. "Ila sikia. Mwili huu ni amana ya Mungu. Mwanamke anayeunyoosha na kuutembeza hajionyeshi kwa watu. Anatafuta nguvu za kufanya kazi na kulea, na afya ya kukaa na wanawe. Na neno ulilopewa kulifikisha si lako, mwanangu. Ukilificha kwa kuogopa kuchekwa, hujui ni nani atakayelia."