Posa Iliyokwenda kwa Baba

Siku ya gari la moshi, soko la Morogoro halipitiki. Theresia, kaniki mpya kifuani na tenga la njegere kichwani, alikuwa akijipenyeza kati ya wapagazi alipogongwa na kijana mwenye kanzu nyeupe ya wanafunzi wa misheni. Njegere zote chini.

"Macho umeyaacha misheni?" alifoka.

"Nilikuja nayo, dada. Yamekuona wewe, yakasahau njia."

Alitaka kununa, akacheka. Huyo ndiye Lukasi, aliyelelewa na mapadre tangu mchanga, hana mama wala ukoo, ila kwa masomo hakuna aliyemfikia kule misheni, mlimani Uluguru. Waliokota njegere pamoja, na tangu hapo haikupita Jumapili bila Lukasi kumsindikiza kutoka kanisani.

Mwaka huo Lukasi aliitwa na shule mbili, Theresia akawa hali vizuri wala halali. Shule ndogo ya misheni ilimtaka asomee ualimu hukohuko Uluguru. Shule kubwa ya Serikali kule Tanga nayo ilimtaka, atoke huko karani, avae viatu, aheshimiwe hata na akida.

"Unasemaje, mpenzi?" Lukasi alimuuliza.

"Mimi nani nikupangie? Tanga kuna wasichana wanajifukiza udi."

"Na huku kuna mmoja ananuka njegere. Nabaki na huyo."

"Mwongo wewe! Haya, nenda basi nyumbani kwetu ukaseme."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Lukasi alibeba jembe jipya la posa, akamkabidhi mzee Agustino, baba yake Theresia. Misheni walimfundisha kwamba baba ndiye kichwa cha nyumba. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kuozesha ni mjomba. Theresia naye hakumwambia, maana hakudhani duniani kuna mtu asiyelijua hilo. Mzee Agustino, mpole wa kupindukia, aliona haya kumkatalia mgeni, akalipokea jembe.

Mjomba Pazi alipopata habari alipanda mlima akihema kwa hasira.

"Shikamoo, mjomba," Theresia alipiga goti.

"Shikamoo ya nini? Mtoto wa dada yangu anaposwa nyuma ya mgongo wangu, tena na mtu asiye na mjomba wa kumsemea! Jembe lake lirudi leo."

"Hakujua, mjomba wangu. Kosa ni langu."

"Utaolewa na Dadi. Nimeshapokea posa yake."

Theresia alilia mpaka sauti ikamkauka. Shamba la migomba la Dadi lilipakana na shule ndogo ya misheni. Lukasi akibaki pale, kila asubuhi atamwona akipita na mzigo wa mume mwingine, na baadaye atawafundisha watoto wake kusoma. Bora ampoteze kabisa kuliko kumtesa hivyo. Akamfuata Lukasi misheni, habari za Dadi akazimeza.

"Jembe limerudishwa," Lukasi alisema, macho mekundu. "Nitabaki, nimwombe radhi mjomba wako mpaka achoke."

"Usibaki. Nenda Tanga. Karani hakataliwi ovyo."

"Na wewe?"

"Mimi nipo."

Siku ya safari alimsindikiza hadi stesheni. Moshi ulikuwa umetanda, watu wakigombea milango, na Lukasi hataki kumwachia mkono.

"Utaningoja, Theresia?"

"Nitakungoja," alijibu, akimtazama usoni bila kupepesa. Hakuwahi kumdanganya kabla ya siku hiyo.

Magurudumu yakaanza kuzunguka. Lukasi akatoa kichwa dirishani, uso umejaa matumaini.

"Nikirudi naanzia kwa mjomba!" alipiga kelele huku akicheka. "Baba atasikia kwa majirani!"

Theresia alicheka pia, akampungia mkono mpaka behewa la mwisho lilipopotea. Kisha akashika njia ya mlimani haraka, kwa kuwa nyumbani wanawake walikuwa wameshaanza kutwanga mtama wa pombe ya harusi yake.