Niliiga Sauti ya Mama Simiyu, Ikaingia kwa Gemu

Mimi ni mama wa miaka sabini na kitu. Hicho kitu usiniulize, maana nilizaliwa mwaka wa nzige, na nzige hawakuniachia cheti! Shule nilikuwa napita tu kando nikipeleka maziwa. Haya maneno nayasema kwa mdomo na mjukuu wangu Nekesa anayaandika. Mara mbili sasa ameacha kuandika akapangusa macho. Andika, mama. Andika vile nasema.

Nakaa Matulo, huku Bungoma. Boma yangu na ya Mama Simiyu zimegawanywa na ua ya miti tu. Bwana yake na bwana yangu walikuwa ndugu, tumbo moja, na wote wamelala sasa. Tuliolewa hapa tukiwa wasichana, yeye na mimi, na tukachekana karibu miaka hamsini.

Kwetu wake za ndugu wako na ruhusa ya kutaniana. Na utani iko na sheria yake. Utani hauombewi msamaha! Ukitaniwa unanyamaza, unangoja siku yako, halafu unarudisha na moto zaidi. Mnakunywa chai, imeisha. Siku moja niliiga vile yeye hutembea akienda kupokea meza ya Bwana, kama kuku amekanyaga makaa. Akanyamaza wiki mbili... halafu akaja mbele ya wakwe zangu akakoroma vile mimi hukoroma. Nilitaka ardhi inimeze! Tulicheka mpaka sufuria ya chai ikamwagika.

Hiyo sheria mshike vizuri. Ndiyo ilinimaliza.

Sasa mimi, Mungu alininyima kalamu akanipa midomo ya watu. Naiga kila mtu. Pastor wetu: "Watu wa Mungu, reo mbingu imefunguka, semeni hareruya!" Chifu naye hawezi kusema neno bila kukohoa: "Ehem... wananchi... ehem... mbuzi zifungwe!" Na yule nesi wa zahanati: "Mama, nimesema utoe sweta, si nimesema? Ama sweta ndiyo mgonjwa?" Hata matangani walikuwa wananikalisha mbali na maiti, ati nitawachekesha wafiwa.

Nekesa alimaliza kusomea kompyuta huko Bungoma mjini, akarudi nyumbani kungoja kazi. Kazi ikakataa kuja. Akawa anashinda kwa gemu. Mimi nilidhani ni uvivu! Nilikuwa namuiga vile ananiita Kukhu, yaani nyanya, nimeinamisha shingo, vidole vinakimbia: "Kukhu, ngoja kidogo, nikikufa hapa naanza upya." Ati akikufa anaanza upya! Laiti.

Akanieleza pole pole. Kuna gemu ya watu wa ng'ambo, unalima shamba, unazunguka kijiji, unasalimia watu. Yeye na wenzake waliipenda sana, wengine wako Kitale, wengine hata hajawahi kuwaona uso. Wanajuana kwa mtandao tu. Basi wakasema, kwa nini kijiji iwe ya wazungu? Wakaanza kutengeneza yao kwa kuiga ile. Si ya kuuza, ni ya mapenzi tu. Mahindi ya kwetu, posho mill ya kusaga unga, zahanati, kanisa la mabati. Lakini watu wa hiyo kijiji walikuwa bubu. Hawakuwa na sauti.

"Kukhu," akaniambia, "si wewe uko na sauti ya kijiji mzima?"

Nani angekataa? Tuliingia kwa stoo ya mahindi, kati ya magunia ili kelele ya nje isiingie, tukajifunika blanketi mbili na simu katikati. Jasho inatoka! Nikampa pastor. Nikampa chifu na kikohozi chake. Nekesa alikuwa anauma blanketi ndio asicheke.

Mwisho akasema, "Sasa nipe mama anaita mtoto wake jioni. Mchezaji akichelewa shambani, huyo mama anamwita arudi kula, siku inaisha."

Na hapo ndipo nilifanya kitu ambacho sijasema mbele ya mtu mpaka leo.

Mama Simiyu alikuwa na kijana mmoja, Simiyu, na msichana mmoja, Nafula, ameolewa Kitale. Simiyu aligombana na baba yake juu ya ng'ombe aliyeuza bila kuuliza. Mzee akasema maneno mazito, ati jina lake lisitajwe tena hapa. Kijana akaenda, akabadilisha laini ya simu, na hata baba yake alipozikwa hakuonekana. Miaka kumi na moja!

Na kila jioni ya hiyo miaka, jua likishuka, Mama Simiyu alikuwa anasimama nyuma ya jikoni yake, karibu na ua yetu, anaita mara moja tu. Si kwa nguvu. Kama mtu anaita mtoto yuko hapo kwa mto. "Simiyuuu... we Simiyu! Kuja, ugali inapoa!" Halafu anafunika sahani, anaingia.

Nilimkuta siku moja. Akanishika mkono. "Mama Wekesa, usiambie mtu. Watasema nimerukwa na akili." Nikaapa.

Chini ya hiyo blanketi, nikafungua mdomo... na ikatoka yeye. Jina nilibadilisha? Hata jina sikubadilisha! Ilitoka yote, na ile kutetemeka ya mwisho. Nekesa akafunua blanketi. Akaniuliza, "Hiyo ni ya nani, Kukhu?" Nikamwambia, "Ni yangu, nimetunga." Akina Simiyu ni wengi huku, akaniamini.

Ona mimi! Nimevunja kiapo, nimedanganya mtoto, na bado nikaenda kupika chai nikiimba!

Gemu ilitoka. Watu waliipenda, na walichopenda zaidi ni hiyo sauti. Nekesa alikuwa ananisomea wanavyoandika, shosho ni mimi nyanya, mathe ni mama yao: "Huyo shosho ni noma!" "Mimi nimelia, nimekumbuka mathe." Mwingine alisema anachelewa shambani makusudi ndio aitwe. Na mimi nilivimba! Mama mzee hajui a wala be, anaitwa fundi na watu wa mbali!

Pale sokoni Matulo kuna kibanda ya gemu, vijana wanacheza kwa skrini kubwa. Mama Simiyu alikuwa anapita na chumvi yake mkononi. Mwenye kibanda ndiye alinieleza baadaye. Alisema kijana mmoja alikuwa anachelewa shambani makusudi, sauti inaita, anachelewa tena, inaita, wenzake wanaitikia pamoja, "Ugali inapoa!" na kuanguka kicheko. Mwenye kibanda akageuka akaona Mama Simiyu amesimama mlangoni, mkono kwa mdomo. Mama akauliza swali moja tu:

"Nani huyo anaita mtoto wangu?"

Akaacha chumvi kwa benchi, akaenda.

Hiyo jioni nilikuwa nyuma ya ua. Jua likashuka. Nikangoja... Hakuita. Mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja, hakuita!

Mnajua nilisema nini kwa roho yangu? Nilisema, haya, amekasirika, anapanga kisasi. Atakuja na yake, atanimaliza mbele ya watu, tutakunywa chai. Sheria si iko? Nikanunua hata majani mapya ya chai nikimngoja.

Nekesa aliposikia ya sokoni alikuja mbio. "Kukhu, uliniambia umetunga!" Alilia kama aliyefiwa. Akasema twende sasa hivi tupige magoti. Nikamkataza. Mimi! Nikamwambia, "Wewe mtoto hujui mambo ya wake za ndugu. Utani hauombewi msamaha. Ukimuomba unamtusi, ni kama unasema hawezi kurudisha."

Nisameheni... lakini ulikuwa utani? Utani ni juu ya kutembea na kukoroma. Nani alinipa ruhusa ya kutania kidonda?

Nekesa aliondoa hiyo sauti kwa gemu yao siku hiyo hiyo. Ikasaidia nini? Wapenzi wa gemu nao ni waigaji kama mimi. Walikuwa wameinyofoa wameiweka kwa gemu zao zingine. Watu wa boda boda waliifanya mlio ya simu. Mama Simiyu akienda kusaga mahindi, vitoto vinaita nyuma yake, "We Simiyu! Kuja!" Akaacha kwenda kusaga. Akaacha kanisa. Moshi ya jikoni yake ikawa nyembamba, na mimi naangalia kupitia ua, na kiburi yangu imenishika miguu.

Siku moja Nafula akaja na pikapu kutoka Kitale kumchukua. Wakapakia godoro, kuku watatu, picha ya mzee. Nikaona sasa anaenda kweli! Nikavuka ua. Na midomo yangu, kwa sababu haijui kazi ingine, ikaiga dereva, vile alikuwa anafoka: "Mama, hii kuku iko na tiketi?" Nilitaka tu acheke. Akicheka, imeisha...

Aliniangalia pole pole, kutoka kichwa mpaka miguu.

"Mama Wekesa," akasema, "miaka yote hii nimesikia sauti ya kila mtu kwako. Yako ni gani? Sijawahi kuisikia."

Akapanda gari.

Wasomaji, nimepigwa na bwana, nimezika watoto wawili. Hakuna kitu iliniingia kama hiyo.

Nekesa alitaka twende Kitale. Nikasema, wacha tumalize palizi. Palizi ikaisha. Nikasema, wacha tuvune. Kitale ni mbali? Ni asubuhi moja tu! Lakini mtu akiwa na aibu, hata mlango wa jirani ni safari. Mahindi ilikuwa bado uwanjani inakauka wakati Nafula alipiga simu. Mama yake aliamka, akasema kifua inamfinya, akaomba maji. Maji ikamkuta ameenda.

Tulimzika hapa, kando ya bwana yake. Na hiyo siku hakuna mtu alinikalisha mbali na maiti. Nilikaa karibu, na sikuchekesha mtu.

Mnadhani imeishia hapo? Mimi pia nilidhani!

Wiki ya tatu, mwanaume akasimama kwa boma ya Mama Simiyu, na msichana mdogo ameshika suruali yake. Mkononi mkate na sukari. Alikuwa anaangalia mlango uliofungwa. Ndevu ilikuwa na mvi lakini mabega ni ya baba yake. Nilimjua kabla hajageuka.

"Mama mkubwa," akasema, "mama ameenda sokoni?"

Simiyu! Na mnajua alikuwa wapi? Endebess, mbele kidogo ya Kitale! Anakamua ng'ombe za watu, ameoa, ana watoto. Miaka kumi na moja tunamtafuta kwa midomo Nairobi na Uganda, kumbe yuko hapo juu Endebess, akipanda kilima anaweza hata kuona moshi yetu.

Akaanza kueleza kwa haraka, anacheka cheka kwa woga. Msichana wake alikuwa anacheza gemu kwa simu. Yeye Simiyu akasikia mama yake mwenyewe anamwita, kwa jina, ati ugali inapoa. Ndoo ya maziwa ikaanguka. "Mama mkubwa, mimi nilijua mama alishika maneno ya mzee. Nilijua jina langu halitajwi hapa. Kumbe ananiita! Ilikuwa wakati wa palizi. Nikaona aibu kurudi mikono mitupu. Nikasema, nikimaliza kuvuna..."

Yeye pia alisema akimaliza kuvuna!

Sikuwa na sauti ya mtu ya kujificha ndani. Sikuwa na pastor, sikuwa na chifu. Nikamshika mkono, nikampeleka nyuma ya nyumba. Udongo wa kaburi ulikuwa bado haujashuka. Mkate ulianguka hapo. Yule msichana akauokota, akaupangusa na gauni, akarudisha kwa baba yake, na baba yake hakuona.

Nikamwambia yote. Kiapo, blanketi, kibanda, pikapu. Nilitaka anipige. Hakunipiga. Alikaa chini hapo kwa udongo mpaka jua likaanza kushuka, halafu akasema, bila kuniangalia:

"Basi niite wewe. Mara moja tu. Vile alikuwa anaita."

Nilifungua mdomo. Nawaapia, nilijaribu! Sauti niliyoiba kwa urahisi hivyo chini ya blanketi ilikataa kuja. Nilitafuta kule kutetemeka ya mwisho, haiko. Ilitoka tu kitu kikavu, kibaya, cha mwanamke mzee ambaye sijawahi kumsikia.

"Simiyu. Kuja ule."

Ilikuwa yangu.

Kuna watu wananiambia, "Mama, usijilaumu, si ni sauti yako ilimrudisha mtoto?" Nawauliza, ilimrudisha kwa nani? Ilimrudisha kwa kaburi!

Nyinyi vijana mnaotengeneza hizo gemu na video, sisemi muache. Nekesa hajaacha, na nimemwambia asiache. Lakini kabla ya kuweka sauti ya mtu, mtafute huyo mtu, umwangalie macho, umuulize. Usiniulize mimi fundi wa kuiga! Mimi nilikuuzia kitu cha wizi. Ikishatoka, haurudishi, hata ukilia kwa hiyo kompyuta mpaka iingie maji.

Na nyinyi wazee wenzangu wa utani, nawaomba, nawasihi... Ukiona umegusa mahali pabaya, usingoje mwenzako arudishe. Usingoje palizi, usingoje mavuno. Vuka ua siku hiyo hiyo. Piga magoti hata kama sheria inakataa. Mimi nilishika sheria vizuri sana, na sasa niko na majani ya chai kwa kabati, pakiti nzima, sijaifungua.

Simiyu amerudi kukaa hapa. Jioni namsikia upande ule mwingine wa ua anaita watoto wake waje kula. Anaita vizuri kama mama yake. Nekesa ananiangalia kama nitamuiga.

Siigi.