Biskuti za Mlinzi

"Shemeji, za juzi zilitia fora," alisema mlinzi wa karakana akifungua geti. "Wanangu wakiniona na lile bati tu, wananivamia."

Muuguzi alibaki amesimama, bati jingine la biskuti za chokoleti likiwa bado na joto mkononi. Alikuwa anampelekea mchumba wake, fundi wa friji. Kwa miaka miwili, kila akipelekewa bati, fundi alimtumia ujumbe uleule: "Nimemaliza zote, mpenzi. Imebaki harufu."

Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Alimwachia mlinzi bati, akageuza. Njiani akaandika: "Nani anakula biskuti zangu?"

Fundi alipiga simu mara nne. Ya tano ikapokelewa.

"Chokoleti inaniumiza kichwa," alisema. "Tangu utotoni."

"Miaka miwili umekaa kimya?"

"Siku ya kwanza ulitoka zamu umechoka, ukanipikia. Ningekwambiaje? Baadaye nikaona nimeshachelewa."

Muuguzi akakata. Alimwambia mama yake kuwa kilichomkera si biskuti. Mtu anayeweza kudanganya vizuri hivyo kwa jambo dogo, kubwa atalificha vipi? Mama alimsikiliza, kisha akamuuliza kama yeye mwenyewe hana anachomficha mwenzake.

Jumamosi asubuhi fundi alibisha hodi amekumbatia unga, siagi, sukari, mayai na chokoleti. Akaomba afundishwe. Muuguzi alimpisha mezani, akamwelekeza kwa mkato: siagi ilainike tu, isiyeyuke, unga uchanganywe taratibu. Fundi, mzoefu wa kukaza skrubu, akaukanda kama ana ugomvi nao. Biskuti zikatoka ngumu kama vigae, kingo nyeusi.

Muuguzi akang'ata moja.

"Zikoje?"

Angeweza kusema nzuri.

"Mbaya. Mbaya sana."

Fundi akacheka mpaka akashika meza. Kicheko kilipoisha, akavuta kiti.

"Kuna jingine. Tukizungumzia watoto huwa nacheka, lakini naogopa. Baba yangu alikuwa mkali mno. Naogopa nitamfuata."

Muuguzi aliifunga oveni, akakaa mkabala naye.

"Na mimi sikuwa nakupikia wewe," alisema polepole. "Mgonjwa akinifia wodini, nikirudi siwezi kulala. Ndipo napika. Nilikuwa nakuletea ili nisibaki nazo."

Fundi alihesabu kimoyomoyo mabati yote aliyopokea. Akamshika mikono kwa mikono yake iliyojaa unga.

"Mgonjwa wa mwisho alikuwa nani?"

Muuguzi akamweleza. Bibi mmoja mcheshi, aliyempa kila muuguzi jina la utani. Akisimulia alilia kidogo, akacheka kidogo, na chai waliyojimiminia ikapoa.

Walifunga ndoa siku ileile iliyopangwa. Mpaka leo, mke akirudi na zamu nzito, mume humpokea mkoba na kumuuliza jina la aliyefariki. Jiko huwashwa baadaye.