Ufunguo Ulikuwa Mabira

Jamaa zangu wa Ndama na Rugera, nanyi wa upande wa Kyerwa, sogeeni mnisikilize. Ninayotaka kuwaeleza hayakutokea nchi ya mbali. Nyumba yenyewe ipo. Ukuta wake wa upande mmoja umejengwa upya kwa matofali yasiyofanana na mengine, na kila anayepita njia ya kisimani anauona.

Ni nyumba ya Winston, fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma. Asubuhi ile ya Ijumaa, kama ungepita hapo, ungetamani kukaribia. Mzee Kaijage, baba yake Winston, alikuwa ameketi barazani na taulo shingoni, mwanawe akimnyoa ndevu taratibu. Kuku walikuwa wanaparua chini ya mibuni, na umande ulikuwa bado unang'aa kwenye majani ya migomba. Mzee alifumba macho kama mtoto anayeogeshwa maji ya uvuguvugu.

Mzee huyo alikuwa mkulima hodari wa kahawa, lakini miaka ya karibuni akili ilianza kumtoka kidogo kidogo. Alisahau majina ya majirani, akasahau njia ya shambani kwake, ikafika mahali akawa anamwita mkwewe kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Hakuwa mkorofi. Alichohitaji ni mtu wa kukaa naye tu.

Mtu huyo alikuwa Noela, mke wa Winston. Binti yao, Kokubanza, alikuwa shule ya bweni. Na sasa Noela mwenyewe alikuwa amefunga mzigo, anakwenda Muleba kumuuguza mama yake aliyefanyiwa upasuaji.

"Baba Koku," alimwambia mumewe, "nitarudi Jumatatu. Nakuomba, baba asiachwe peke yake. Na kiberiti kisikae mahali anapokiona. Unajua siku hizi akikiona lazima awashe."

"Unaniagiza kama mfanyakazi! Kwani huyu si baba yangu?"

Noela alimtazama kidogo. "Nimesikia ile bendi yako inakuja."

"Inapiga Kayanga leo mchana. Nitachungulia tu. Mama Anatolia atakaa na mzee, nimeshamwomba."

Noela alimwinamia baba mkwe wake, akampa mkono, akaondoka.

Bendi iliyosemwa iliitwa Radi Kavu. Walikuwa vijana wanne kutoka Mwanza, wanapiga roki kwa magitaa ya umeme na ngoma za kutetemesha mabati. Winston alianza kuwapenda tangu akijifunza ufundi, na mapenzi hayo hayakupungua alipooa wala alipozaa. Karakana yake ilijaa picha zao. Siku ya kipaimara cha Kokubanza, watu wakiwa wameketi mezani wanamsubiri, yeye alikuwa Biharamulo amewafuata. Msinielewe vibaya, ndugu zangu. Kupenda muziki si dhambi, na hata mimi nikisikia ngoma mguu wangu hautulii. Lakini upendo wa Winston ulikuwa umeanza kula sehemu ya watu wengine.

Ijumaa ilikwenda salama. Mama Anatolia, mjane wa jirani, alikaa na mzee wakichambua maharage, na Winston akarudi kutoka Kayanga kabla giza halijaingia, sauti imemkauka kwa kuimba. Ila alirudi na habari mpya. Mpiga gitaa alikuwa ametangaza jukwaani kwamba kesho watapiga Nkwenda, na Jumapili Mabira, na shabiki atakayeandikisha jina lake langoni sehemu zote tatu atapandishwa jukwaani kuimba nao wimbo wa mwisho.

Winston hakupata usingizi mzuri. Jumamosi asubuhi alikwenda kwa Mama Anatolia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mzee ameamkaje?"

"Salama. Mama, na leo tena ungenisaidia..."

"Leo siwezi, mwanangu. Kwaya yetu ina harusi Rugera, tunaondoka sasa hivi. Si upo nyumbani wewe?"

"Nipo," akasema Winston. Ulimi ulimtangulia kabla hajaamua.

Alirudi nyumbani akatazama mlango wake. Aliutengeneza yeye mwenyewe kwa bati nene na nondo, na madirisha yote aliyawekea vyuma, maana mwizi aliwahi kuingia humo. Akawaza: atakayetoka humu ni nani? Ataumizwa na nini? Akamwekea mzee ndizi na maharage, akamwachia redio inalia, akachukua kiberiti akakitia kwenye mfuko wa koti lake. Kisha akafunga mlango kwa kufuli kutoka nje.

Akiwa Nkwenda uwanjani, simu ikaita. Ilikuwa ni Noela.

"Baba yukoje?"

"Mzima. Amejilaza."

"Na kelele hizo?"

"Redio. Anapenda iwe na sauti kubwa."

Noela akasema asante, akakata. Siku hiyo Winston hakucheza sana. Alipofika nyumbani alifungua kufuli, akamkuta mzee kwenye kiti kilekile, chakula amekula nusu, suruali imelowa. Hakuwa na jeraha lolote. Winston akashusha pumzi, akambadilisha nguo, akajisemea moyoni kwamba kumbe inawezekana. Hapo ndipo alipopotea, ndugu zangu. Siku ambayo kosa halikumuumiza mtu, yeye aliihesabu kuwa ruhusa.

Jumapili kengele za kanisani zilipolia, Winston hakwenda ibadani. Mabira ni mbali, na alitaka kuwahi. Mawingu yalikuwa mazito na kulikuwa na baridi. Alimpikia mzee uji kwenye jiko la mkaa sebuleni ili apate na joto, akamnywesha harakaharaka, akatoa jiko nje. Dusabe, dereva wa bodaboda, alikuwa tayari anapiga honi barabarani.

Winston alipofika mlangoni, mzee alimshika mkono wa shati.

"Usifunge," alisema.

"Baba, narudi sasa hivi."

"Usifunge. Humu hakuna mtu."

Winston akashangaa, maana ilikuwa muda mrefu mzee hajasema maneno yaliyonyooka namna hiyo. Akavibandua vile vidole kimoja kimoja, akatoka, akafunga. Kabla hajafika kwenye migomba, akasikia mlango unagongwa kutoka ndani. Taratibu, bila hasira, kama mgeni anayebisha hodi. Alisimama. Dusabe akapiga honi tena. Winston akapanda pikipiki.

Njia nzima mlio ule haukumtoka masikioni. Pikipiki ilipopanda milima ya Kyerwa, injini ilimgongea vilevile. Mvua ndogo ilipoanza kupiga kofia, aliisikia inagonga. Akajilazimisha kuimba.

Uwanja wa Mabira ulijaa. Watu walikuja kwa miguu na kwa baiskeli, wengine na watoto mabegani. Radi Kavu walipoanza, Winston alisahau kila kitu kwa kitambo. Kisha ngoma kubwa ikapigwa peke yake, polepole, na akasikia tena: ngo, ngo, ngo. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Akatia mkono mfukoni. Aligusa ufunguo, lakini mfuko mwingine, ule wa kiberiti, ulikuwa mtupu.

Akakumbuka. Asubuhi alikitumia kuwashia jiko, na baada ya hapo alikiweka juu ya kabati la vyombo. Au mezani? Jamani, aliweka wapi?

Wakati anawaza hivyo, alisikia jina lake likitangazwa kwenye maspika. "Winston wa Ndama! Panda juu, kaka!" Watu wakampisha, mikono ikamsukuma, akajikuta jukwaani ameshika kipaza sauti mbele ya umati. Siku aliyoiota tangu ujana ilikuwa imefika. Akafungua mdomo kuimba. Kwenye paja lake kitu kikatetemeka, akadhani ni mtetemo wa maspika. Kikatetemeka tena, na tena, bila kukoma. Akatoa simu.

Mama Anatolia alikuwa anapiga kelele. "Winston! Moshi unatoka kwenye madirisha yako! Mzee yuko ndani, tunamsikia anakohoa! Ufunguo uko wapi?"

Winston akapapasa mfuko wenye ufunguo.

"Ufunguo uko wapi, mwanangu?"

"Ninao mimi," alisema, na sauti yake ikatoka kwenye kipaza sauti uwanja mzima ukasikia. "Niko nao Mabira."

Watu wa karibu na jukwaa walicheka, wakidhani ni mzaha. Yeye aliruka chini, akawapasua katikati, akamkuta Dusabe chini ya mti anakula muhogo.

"Twende! Baba anaungua!"

Njia ya kurudi hakuna anayeweza kuisimulia vizuri isipokuwa yeye. Mvua ilikuwa imeufanya udongo kuwa utelezi, pikipiki ikawa inakwenda upande, wakaanguka mara moja na kuinuka. Kila kilima walichopanda simu ilikuwa haina mtandao. Walipopata mtandao, Mama Anatolia hakupokea. Winston alipiga tena. Hakupokea. Aliomba Mungu kwa sauti, kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyambo, kama alivyofundishwa utotoni. Alikuwa anaona mlango wake, kila nondo, kila sehemu aliyochomelea mara mbili ili usivunjike. Aliwahi kujisifu kwa wateja kwamba mlango huo wanaume kumi hawauangushi. Sasa alikuwa anaomba kazi yake iwe mbovu.

Mlango haukuvunjika. Alipofika alikuta umati umejaa uani, na mlango umesimama vilevile, umekuwa mweusi, shoka zimeuachia makovu tu. Majirani waliuacha, wakaenda pembeni ya nyumba wakabomoa ukuta kwa sururu na majembe, tofali baada ya tofali, huku wanawake wakipokezana ndoo za maji. Tundu lilipokuwa na upana wa kupitisha mtu, mmoja wao aliingia akitambaa na kumvuta mzee kwa kumshika miguu.

"Yuko wapi?" Winston aliuliza.

Akalikimbilia lile tundu. Mama Anatolia, uso wote masizi na kanga imeungua pindo, akamzuia, akasema, "Wamempeleka hospitali. Alikuwa anapumua wakati wanampakia."

Mzee Kaijage hakufa. Moshi ulimharibu kifua, na viganja vyake viliungua vibaya kwa sababu alijaribu kuzima moto kwa mikono. Noela alifika kutoka Muleba kesho yake. Hakumgombeza mumewe. Aliketi upande mmoja wa kitanda, Winston akasimama upande wa pili, na hapo ndipo waliposikia moto ulivyoanza, kwani mzee mwenyewe alimweleza muuguzi.

"Niliwasha kwa ajili ya mtoto," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Nilikusanya mkeka na magazeti. Winston wangu alitoka, na nje kuna mvua. Akirudi atakuwa amelowa."

Winston akapiga magoti. "Baba, ni mimi. Nimerudi. Winston ni mimi."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu, bila chuki, kama unavyomtazama msafiri usiyemfahamu.

"Kijana," akamwambia, "kama unapita njia ile, mwambie mwanangu arudi nyumbani. Mtoto mdogo yule, anaogopa radi."

Noela alijifunika uso kwa kanga.

Tangu siku hiyo mzee hajamtambua tena mwanawe. Winston ndiye anayemlisha sasa, kwa sababu vile viganja havishiki kijiko, na ndiye anayemwosha na kumlaza. Mzee humshukuru kila mara kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru mgeni mwema, halafu humuuliza kama amemwona mtoto wake. Winston hujibu, "Yuko njiani, mzee." Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia niwasimulie haya bila kumficha jina.

Funzo

Ndugu zangu, bendi haikuwa na kosa, wala muziki haukumchoma mtu. Winston hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalotisha, maana kama angekuwa mbaya tungesema sisi hatufanani naye. Alimpenda baba yake. Ila upendo wake ulibaki moyoni, huku miguu yake ikienda kwingine.

Starehe yoyote inayokufanya umdanganye mwenzako kwenye simu imeshakuwa bwana wako, iwe ni muziki, mpira, pombe au hiyo simu yenyewe. Na mtu aliyekabidhiwa kwako, mzee, mgonjwa au mtoto, usimfungie ndani ukajiita umemlinda. Kama huwezi kukaa naye, sema ukweli, majirani wasikie. Angesema ukweli, Winston asingekosa jirani wa kumsaidia. Ni yeye aliyesema "nipo" wakati hayupo.

Mimi nimemaliza. Kama kuna uliyemwacha nyumbani peke yake ukaja kunisikiliza, usingoje salamu za kuagana. Ondoka, nenda kwake.